Nimezaa watatu: je, saratani ya titi hainipati tena?

Swali: Daktari, nina miaka 38, nimezaa watoto watatu na wote nimewanyonyesha. Nimesoma kwamba hata titi lisilo na ugonjwa lina seli zenye mabadiliko ya jeni, na kwamba kila uzazi huyapunguza. Je, mimi niko salama? Mdogo wangu ana miaka 35 na hajazaa. Kuna mtu anamuuzia dawa ya majani ya kusafisha vinasaba vya matiti, na ndugu wanamwambia azae upesi ajikinge. Afanye nini?

Jibu: Dada, ulichosoma ni kweli, ila umeletewa nusu yake.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walihesabu mabadiliko hayo katika seli za matiti zisizo na ugonjwa. Yaliongezeka takribani 20 kwa mwaka katika kila seli mpaka hedhi ilipokoma, kisha kasi ikashuka chini ya nusu. Kila uzazi uliendana na upungufu wa takribani 55. Piga hesabu: mtoto mmoja ni sawa na miaka mitatu hivi ya mrundikano. Hata ukitoa upungufu wa watoto watatu, kwa umri wako mamia yamebaki. Usishtuke, maana karibu yote hayana madhara, na hata lile linaloangukia jeni nyeti haliwezi kuzaa saratani peke yake. Katika baadhi ya saratani walizochunguza, badiliko la mwanzo lilitokea mwanamke akiwa binti anayevunja ungo, miongo kadhaa kabla ya uvimbe.

Dawa ya mdogo wako? Asinunue. Badiliko likishanakiliwa kwenye DNA, seli yenyewe haina tena namna ya kulitambua kuwa ni kosa. Huyo muuzaji amelitambuaje kwa majani? Muulize pia alipimaje kabla na baada. Kipimo cha damu au mate kinachotangazwa siku hizi hutafuta jeni mbovu za kurithi, kama BRCA1 na BRCA2, wala hakihesabu yaliyorundikana ndani ya titi. Kina maana kubwa kwa mtu ambaye mama, dada au shangazi yake alipata saratani ya titi akiwa bado kijana, au saratani ya ovari.

Ila linalonichosha kuliko wauza majani ni hili la mtoto kugeuzwa chanjo, na huwa nalisikia kwa watu waliosoma vizuri tu. Uchambuzi uliounganisha tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta hatari ya saratani ya titi inapungua kwa asilimia 7 kwa kila uzazi, na asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Huko ni kupungua, tena kwa wastani wa wanawake wengi. Hakumwambii mmoja wao kwamba ameponyoka. Na faida hiyo haiji mara moja. Baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza, hufika kileleni baada ya miaka mitano hivi, na huweza kuchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kushuka chini ya ile ya mwanamke asiyezaa. Anayezaa mara ya kwanza baada ya miaka 35 huenda asiipate kabisa. Hilo limejulikana tangu mwaka 1970. Kwa hiyo mdogo wako azae akitaka mtoto. Ndugu waache kumpimia saratani kwa tumbo lake.

Madhara ya imani hii nayaona kwa kina mama waliozaa na kunyonyesha. Anagusa uvimbe, anaambiwa ni maziwa yaliyoganda, akande kwa maji ya moto. Miezi inapita. Akifika hospitali, anachoniambia kwanza ni idadi ya watoto wake. Uvimbe usioondoka baada ya wiki mbili au tatu, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoanza kuingia ndani au kutoa damu: hayo hayaulizi umezaa wangapi, na kunyonyesha hakuzuii kupimwa. Titi linalotoa maziwa hupigwa ultrasaundi bila shida, na kipande cha nyama huchukuliwa pale inapobidi. Anayekuambia usubiri mpaka mtoto aache ziwa, mwache na ushauri wake, nenda kapimwe wiki hiyohiyo.