Fazi kwenye besi: kwa nini sauti inapotea bendi ikianza, na ununue pedali gani

Mkuu, umesema una besi ya nyuzi nne ya aktivu (yenye saketi ya betri ndani), umeazima pedali ya fazi (fuzz, kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti) kwa mpiga gitaa wenu, chumbani inanguruma vizuri, lakini bendi ikianza ukiikanyaga besi haisikiki kabisa. Unauliza ununue ipi. Nimepiga besi na fazi miaka mingi, na swali hili nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Uzi wako wa E unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. E ya chini ya gitaa ni 82. Pedali nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa hupunguza makusudi sauti za chini ili gitaa lisivume, kwa hiyo sehemu ya uzito wako inabaki mlangoni. Halafu fazi yenyewe kazi yake ni kukata vichwa vya mawimbi. Noti uliyoipiga kwa nguvu na ile uliyoigusa tu zinatoka karibu sawa, na ule mshindo wa kidole unaoshikana na dramu ya mguu unafutika. Kama uliyoazima ni ya ukoo wa Big Muff, fazi maarufu ya kampuni ya Electro-Harmonix, ongeza la tatu: toni yake ina bonde katikati, maeneo ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000, palepale ambapo sikio huitambua besi katikati ya magitaa. Ukiwa peke yako bonde hilo ni tamu. Kinanda na gitaa wakiingia, wanalijaza wao.

Ndiyo maana mimi sianzi na jina la kampuni. Naanza na swali moja: pedali hii inaniruhusu kuchanganya sauti safi ya besi na sauti ya fazi? Nobu hiyo mara nyingi imeandikwa Blend au Dry. Sauti safi inabeba uzito na mshindo, fazi inaleta manyoya juu yake. Electro-Harmonix wana Bass Big Muff yenye swichi ya kuingiza sauti safi, na ile Deluxe ina nobu kamili ya kuchanganya, pamoja na swichi ya kupunguza nguvu inayoingia. Kwako wewe mwenye besi ya aktivu swichi hiyo ni ya maana sana, kwa sababu besi ya betri inasukuma kwa nguvu, na fazi inaweza kujaa kabla hujagusa nobu yoyote.

Kama mfuko haujakaa vizuri, usiitupe hiyo ya kuazima. Pedali ya Boss LS-2 inagawa sauti njia mbili na kuzichanganya tena: moja ipite kwenye fazi, nyingine ibaki safi. Jambo la kuangalia ni kwamba pedali nyingine hugeuza wimbi juu chini. Ukichanganya ukasikia sauti ya chini inazidi kuwa nyembamba badala ya kunenepa, tatizo ni hilo, na hakuna nobu itakayolitibu. Jaribu pedali nyingine.

Kuna pedali zisizo na Blend na bado ni nzito ajabu. Woolly Mammoth ya ZVEX ni mojawapo. Naiheshimu, ila inataka wimbo upangwe kuizunguka. Fazi za aina ya Fuzz Face nisingekushauri: zinapenda kuunganishwa moja kwa moja na pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za pasivu, yaani zisizo na betri, na saketi ya betri ikikaa katikati, ule utamu wa kupunguza volyumu ya gitaa na fazi ikasafika unapungua sana.

Na asikwambie mtu kwamba fazi ni ya magitaa na besi inadandia. Nashville, Marekani, mwishoni mwa 1960, Grady Martin alikuwa anarekodi kwa besi ya nyuzi sita chaneli ya meza ya kuchanganyia sauti ikaharibika, sauti ikatoka imekwaruza, wakaiacha ibaki. Fundi wa studio ile, Glenn Snoddy, alishiriki kutengeneza saketi ya kuiiga, na Gibson wakaiuza kama Maestro FZ-1 mwaka 1962. Yaani chanzo kilikuwa besi.

Sasa matumizi. Panga sauti mkiwa wote mnapiga, tena kwa sauti ya ukumbini. Mwambie mpiga dramu ashike mdundo mmoja, wewe rudia A ya chini, Blend ikiwa safi kabisa, kisha ongeza fazi kidogo kidogo mpaka mshindo wa kidole uanze kufifia. Hapo rudi nyuma kidogo. Nobu ya Sustain, yaani kiasi cha fazi, iwe chini ya unavyotamani. Mwisho linganisha volyumu ili ukikanyaga besi isishuke. Wengi wanaolalamika kwamba imepotea wangepona nusu kwa nobu hiyo tu.

Kwetu besi nyingi kanisani na ukumbini zinaingia moja kwa moja kwenye mikisa kwa DI (kisanduku cha kuunganisha ala na mikisa), bila ampu. Hapo fazi inatoka kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) ikichoma kama nyuki, kwa sababu spika ya besi ambayo ingezima makali hayo haipo. Mwombe fundi mitambo akate juu ya hezi 4,000 au 5,000 kwenye chaneli yako, au weka pedali ya kuiga spika mwishoni. Kwenye ampu yenye twita, zima hiyo twita.

Toni ya besi ishushe hadi nusu, piga noti moja moja, na mkono wa kushoto uzibe nyuzi usizopiga, maana fazi inanyanyua kila mguso. Pedali ya oktava (inayoongeza noti ileile oktava moja chini) ikae kabla ya fazi, kwani inahitaji noti safi ili isikosee. Kompresa (pedali ya kusawazisha noti kubwa na ndogo) naiacha, fazi imeshabana kila kitu.

Suala la umeme: pedali za zamani za transista za gerimani (germanium) nyingi zina chanya upande wa ardhi, hivyo usizichomeke kwenye adapta moja na pedali zako nyingine za volti 9, utapiga shoti. Zipe betri yake. Ukiniambia unapigia ampu au DI, nitakuandikia mpangilio wa kuanzia.