Lazima ubebe vyuma vizito ndio upate bodi? Mimi nimepitia njia zote mbili

Umeuliza kama lazima ubebe vyuma vizito ndio upate bodi, yaani mwili wa misuli, juu trena wako amekwambia ukibaki na hizo dambeli za kilo nane utazeeka ukiwa hivyo hivyo. Wacha nikupe yangu, ni ndefu kidogo, chukua chai.

Nilianza 2015 kwa jimu moja huku Eastlands, Nairobi, zile za ghorofa ya pili juu ya hadwea, nusu ya vyuma vimechomelewa na fundi wa jua kali na hujui kama ile imeandikwa 20 ni 20 kweli. Nilikuwa kilo 61, mikono ya kushika kalamu. Sheria ya pale ilikuwa moja tu, ongeza. Ukimaliza seti bila kupiga kelele unaulizwa kama umekuja kupumzika. Na siwezi danganya, baada ya miezi nane hivi kifua kilianza kuonekana, shati zikaanza kubana, vyuma vizito vinafanya kazi bana. Shida ni nilikuwa naongeza uzito haraka kuliko vile mgongo ulikuwa tayari. Siku moja niko kwa dedilifti (ile ya kuinua chuma kutoka chini) ya kilo 120, wasee wamenizunguka wananipandisha mori, nikainua mgongo umejikunja ka ndizi, nikasikia kiunoni ni kama nimeshika waya ya stima. Wiki mbili nilikuwa nafungwa kamba za viatu na mtoto wa dadangu. Kuhusu kukaa kiti ya nyuma ya matatu Jogoo Road ikipiga mashimo, hiyo sitaki hata kuikumbuka.

Dada wa fiziotherapi, mwenye alininyoosha huo mgongo kwa mazoezi, ndiye aliniuliza swali lenye lilinichapa: wewe unataka mwili ama unataka kilo 120? Sikuwa na jibu, juu nilikuwa nafikiria ni kitu kimoja.

Nikarudi polepole na uzito wa aibu, halafu 2020 corona ikaingia, jimu zikafungwa. Kwa nyumba nilikuwa na mtungi wa maji wa lita 20, ambao ukijaa ni kilo 20 za maji hata kabla uhesabu mtungi wenyewe, na begi ya mgongoni. Ndani ya begi naweka paketi za unga za kilo mbili mbili, nikianza na tatu, mwisho nikafika bale nzima, yaani paketi 12, kilo 24 (mama alikuwa ananiuliza kila jioni kama leo tutapika ugali ama unga bado iko kazini). Pushapu na begi, pulapu kwa chuma ya geti, mtungi wa kuvuta na mkono mmoja. Jimu zilipofunguliwa wasee waliniuliza nilikuwa nafanyia wapi mazoezi. Nilikuwa nimefura kuliko vile niliondoka.

Sababu ni kwamba msuli hausomi namba kwa chuma, unajua tu kama umechoka ama bado. Ukibeba kitu kizito, nyuzi za msuli karibu zote zinaitwa kazini mara moja. Ukibeba chepesi zinaanza ndogo, zile kubwa zimelala, lakini ukiendelea mpaka ndogo zichoke, hizo kubwa lazima ziamke zisaidie, na ndio zinafura sana. Watu wa chuo cha McMaster kule Kanada walijaribu hii na wanaume 49 wenye walikuwa washazoea jimu, ripoti ilitoka 2016. Kundi moja likawa na vyuma vizito vya marudio 8 mpaka 12, lingine vyepesi vya 20 mpaka 25, wote wakaenda mpaka mwisho kabisa, wiki 12, na misuli ikaongezeka karibu sawa. Lakini kwa benchi, ile ya kulala chali ukisukuma chuma juu, wale wa vizito waliongeza nguvu zaidi. Kwa hivyo ukitaka kushindana nani anainua zaidi, beba vizito, huna njia nyingine. Pia usishuke sana chini, uzito wa kurudia mara 100 huku unaongea na simu hautakupeleka popote.

Na kama uzito peke yake ungekuwa unajenga mwili, si wale majamaa wa kubeba mizigo soko la Marikiti wangekuwa wote kwa jarida? Mtu anabeba gunia ya viazi ya lumbesa, ile imejazwa kupita kiasi, sheria inasema isipite kilo 50 na hiyo yake inapita mbali, kutoka saa kumi usiku, na bado mwili wake ni mkavu. Ana nguvu kunishinda mara tatu, hapo sibishani. Lakini anafanya kazi siku nzima, halali vizuri, na mchana anakula chapati mbili na madondo ya bakuli ndogo. Msuli utajengwa na nini?

Chakula ndio watu wanaruka. Lengo langu ni karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, na saa hii niko kilo 72, kwa hivyo kama gramu 115 kwa siku. Yai moja ni gramu 6 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe. Mimi nategemea mayai, ndengu, maziwa na omena, na msiniletee hizo za kusema omena inanuka, bado sijaona protini ya bei hiyo. Poda za kwa mkebe nilinunua mara moja, pesa ikaniuma kuliko mgongo.

Na kuna dada ameuliza kama akibeba vyuma atakuwa na mabega ya mwanaume: hapana. Homoni ya kufanya hivyo unayo kidogo sana, na hata sisi wenye tunayo nyingi tunahangaika miaka.

Mahali vitu vyepesi vilinishinda ni miguu. Skwati za mwili mtupu nilifika 60 na pumzi ndio iliisha kwanza, miguu ikiwa bado fiti. Nikahamia skwati za mguu mmoja, ule mwingine uko juu ya kiti nyuma, begi mgongoni, na 12 zikanitosha kushika ukuta. Siku ya miguu bado naenda jimu, nabeba uzito wa kati, na dedilifti sijapita 90 tangu ile siku.

Sasa hizo dambeli zako za kilo nane. Kesho usihesabu, beba tu ukiwa na fomu safi mpaka mkono ukatae. Ukikataa kwa marudio 15 ama 25, baki nazo, ongeza uzito marudio yakizidi 30. Lakini kama huwa unaacha kwa 12 na ungeweza kufika 40, trena wako amesema ukweli, ni sababu tu ndio amekosea.