Neema Ilinikuta Ningali Nikilalamika

Mhariri, swali lenu la juma hili linatutaka tueleze kama imani ya Kikristo inaweza kumpatia mtu neema, upendo na amani akiwa katikati ya shida. Jibu langu ni kwamba inaweza, ila si kwa namna ambayo wengi wetu huitazamia, kwa maana mara nyingi neema humfikia mtu huku shida yenyewe ikiwa palepale.

Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliokuwa mwilini mwake, na haukuondolewa. Alijibiwa: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Nimesikia maneno hayo yakisomwa harakaharaka kando ya vitanda vya wagonjwa, kana kwamba ni amri ya kunyamaza, na jambo hilo huniumiza, kwa sababu aliyejibiwa hivyo alikuwa amekwisha kumsihi Mungu waziwazi. Zaburi ya 88 ni kilio tangu mwanzo, nayo inaishia gizani bila neno la shukrani, na bado imo katika Maandiko Matakatifu. Bwana Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Basi anayelalamika mbele za Mungu asihesabiwe kuwa amepungukiwa imani, maana angali anazungumza naye.

Mimi nililijua hili nilipokuwa nikimuuguza mama yangu. Kuna usiku ambao sala zilinikauka kabisa, hata Baba Yetu nikashindwa kuimaliza. Dada mmoja wa kanisani kwetu aliingia, akanipokea kitambaa nilichokuwa nikimpangusia mama jasho, akaniambia, “Kalale, mdogo wangu, mimi nitakaa naye.” Hakusoma andiko lolote, wala hakujaribu kunieleza makusudi ya Mungu. Marafiki wa Ayubu nao waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipomfaa zaidi. Walianza kumtesa walipoanza kumfafanulia msiba wake. Mama hakupona. Hata hivyo, tangu usiku ule sijaweza kusema kwamba Mungu alitutupa, kwa sababu upendo wake niliuona ukishika kitambaa.

Kuhusu amani, naomba tusiwadai waliofiwa au wanaougua waioneshe usoni. Nilimzika mama nikilia, na ninaamini kwamba machozi yale hayakuwa dalili ya kukosa amani. Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya “amani ya Mungu, ipitayo akili zote” akiwa kifungoni, asijue kama atafunguliwa au atauawa. Wengi wetu tunaukariri mstari huo kwa moyo, lakini tunaishia hapo, ilhali mistari michache baadaye katika sura hiyohiyo anawashukuru kwa kushiriki naye katika taabu yake, na kwa vitu walivyompelekea kwa mkono wa Epafrodito, mtu ambaye katika utumishi huo aliugua karibu ya kufa. Mtume aliyeifahamu amani hiyo kuliko wengi wetu alihitaji pia mtu wa kumfikia kule alikofungwa, na hakuona haya kuliandika jambo hilo.