Mabaharia wa nchi kavu: maswali yenu kuhusu kikosi cha maharamia

Tangu niandike kuhusu michezo ya video ya maharamia, ujumbe mwingi mnaonitumia hauulizi meli ipi ni kali wala mzinga upi unapiga mbali. Mnauliza watu: nani ashike usukani, nani anakwepa kazi, nani kanuna na hajaingia wiki nzima. Sishangai. Bahari kwetu Arusha na Moshi ni ya kusafiria mpaka Tanga ndipo uione, lakini ugomvi wa watu wanne wenye kazi moja tunao nyumbani tele. Nimechagua maswali machache na mengine nimeyafupisha.

Kaka, tuko washikaji wanne hapa Sakina, tunacheza Sea of Thieves, ile gemu ya mtandaoni ya kuendesha meli ya maharamia pamoja. Kwa kuwa tuko wanne tunachukua meli kubwa ya milingoti mitatu, lakini kila tukikutana na kale kameli ka watu wawili tunazamishwa sisi. Tunakosea wapi?

Meli yenu, galleon, ina mizinga minne kila ubavu, na hiyo ndiyo inayowadanganya. Mnaona nguvu, kazi hamuioni. Matanga ni ya milingoti mitatu. Nanga akiisukuma mtu mmoja, adui anafika haijainuka. Meza ya ramani iko sitaha ya chini, na matanga yakishakunjuliwa, aliyeshika usukani hawezi kuona kilicho mbele. Anaendesha kwa sauti za wenzake, kama dereva wa Hiace anayerudi nyuma stendi kwa makofi ya konda. Sasa adui akitokea, nyote wanne mnakimbilia mizinga. Nani anamwambia mwenye usukani kuwa kuna mwamba? Nani yuko chini anaziba matundu?

Sloop ya watu wawili ina mlingoti mmoja na mzinga mmoja kila upande, lakini ramani iko karibu na usukani na kila kitu unakifikia kwa hatua chache. Wawili wanaoelewana wataizunguka meli yenu wakiwatoboa taratibu. Risasi ya mzinga inatoboa tu, jamani. Kinachozamisha ni maji. Meli yenye matundu kumi na mtu anayeziba na kuchota maji kwa ndoo inaendelea kuelea. Yenye matundu mawili na watu wanne wanaofurahia kupiga mizinga inakwenda chini.

Kwa hiyo gaweni kazi kabla hamjang'oa nanga, na mgawo wa vita uwe mbali na ule wa safari. Vitani mmoja anabaki kwenye usukani hata meli ikiwaka moto, wawili wanakaa mizingani na ndio hao hao wanaorekebisha matanga, na wa nne anashuka chini na mbao zake na ndoo. Kazi ya huyu wa nne hakuna anayeitaka, maana vita anavisikia tu juu ya kichwa chake. Msimpe dogo kwa sababu ni dogo. Mpeni mtulivu kuliko wote, na safari ijayo mbadilishane, la sivyo ndani ya mwezi mmoja atasema bando limeisha.

Jingine ni stoo. Vikosi vingi navyoviona vinaondoka bandarini na walivyokuta kwenye meli, vikidhani hazina itakuja yenyewe. Tumieni muda wa mwanzo kuokota mbao, risasi na chakula kwenye mapipa ya visiwani. Inachosha, najua.

Na siku mmoja wenu hayupo, msijikaze na galleon. Chukueni brigantine, ya watu watatu na milingoti miwili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo meli inayowafaa wengi walioniandikia, hata wale wanaojiona wako wanne.

Shikamoo kaka. Niko kidato cha pili, Moshi. Nahodha wetu anatuzidi umri, anatufokea kwenye maiki na safari anachagua yeye tu. Tunaogopa kumwambia. Naomba ushauri.

Marahaba mdogo wangu. Anza na hili: mchezo wenyewe, Sea of Thieves, haumpi huyo kaka yenu mamlaka anayojipa. Tangu mwaka 2022 mtu anaweza kununua meli, akaipa jina na kuitwa nahodha wake, lakini safari inapendekezwa mezani na mabaharia wanaipigia kura. Mkinyamaza wote na kupiga kura anayotaka yeye, mnachagua pamoja naye.

Maharamia wa kweli walikuwa wakali kwenye jambo hili kuliko nyinyi. Bartholomew Roberts, mtu wa Wales aliyeuawa mwaka 1722, alikuwa na kanuni ambazo zilichapwa London mwaka 1724. Ya kwanza ilisema kila mtu ana kura katika mambo ya chombo. Kwenye mgawo, nahodha na msimamizi wa chombo walipata mafungu mawili kila mmoja, na baharia wa kawaida fungu moja. Angalia hapo: nahodha, pamoja na jina lote alilokuwa nalo, alimzidi baharia kwa fungu moja tu. Kwenye meli nyingi za aina hiyo amri yake ilikuwa kamili wakati wa kupigana au kufukuza chombo. Siku za kawaida mambo ya chakula, mgawo na magomvi yalikuwa kwa yule msimamizi, ambaye mabaharia walimchagua wenyewe. (Kanuni nyingine iliagiza mishumaa izimwe saa mbili usiku. Hiyo muipeleke kwa mama, atawapenda.)

Chukueni mpango huo. Msimwambie "umezidi kutufokea", atafoka zaidi. Mmoja wenu anayeelewana naye amfuate pembeni, maiki ikiwa imezimwa, amwambie hivi: "Kaka, vita tunakuachia wewe, unajua kuliko sisi. Tunaomba safari apange fulani." Mkubwa akipewa heshima yake mbele, mara nyingi huachia kilichobaki. Akikataa, lipo lile gereza la chini ya sitaha: mabaharia wakipiga kura, mtu anafungiwa humo mpaka wamtoe kwa kura au aondoke mwenyewe. Lakini hilo ni la mgeni mharibifu uliyekutana naye mtandaoni. Ukimfungia kaka wa mtaani kwenu, kesho mnakutana dukani.

Mwanangu ana miaka 13, anacheza huu mchezo wa Sea of Thieves na watu asiowajua, nasikia wanaongea Kiingereza na matusi. Nimzuie? Mama wa Njiro.

Dada yangu, usimzuie kabla hujabadilisha mipangilio. Mwambie kikosi chake akifunge, ili aingie aliyealikwa tu. Kikosi cha wazi ndicho kinacholeta wageni. Halafu kuna namna ya kucheza iitwayo Safer Seas, iliyoongezwa Desemba 2023, ambayo humo baharini wanakuwa wao peke yao, hakuna meli ya wachezaji wengine. Dhahabu inapungua sana, kwa hiyo atanung'unika. Sauti za wachezaji wengine pia zinaweza kuzimwa kabisa, na mchezo una maneno yaliyoandaliwa tayari ya kuchagua badala ya kuongea. Kwa Ulaya umepewa alama ya miaka 12, kwa hiyo umri wake si tatizo. Muulize wenzake watatu ni akina nani. Akikutajia majina na unawajua mama zao, mwache acheze.

Bosi, nina banda la gemu Ngarenaro, mashine nne za PlayStation (PS). Nataka niweke gemu ya maharamia, vijana wanne wakae meli moja. Italipa?

Nakuambia kama ndugu: sidhani. Sea of Thieves ilifika PS5 tarehe 30 Aprili 2024, kwa hiyo kama PS zako ni za zamani, hadithi imeishia hapo. Kama ni PS5, bado hauna skrini ya kugawana. Kila baharia anahitaji mashine yake, skrini yake, akaunti yake na nakala yake ya mchezo, na zote nne ziwe na intaneti muda wote. Hapo bado hujagusa bili.

Tatizo kubwa zaidi ni muda. Mteja wako anazoea kulipa kwa mechi: dakika chache, mmoja kafungwa, anampisha mwingine. Safari ya maharamia inakula saa nzima na zaidi kabla hazina haijauzwa, na katikati yake baharia mmoja hela inamwishia, anainuka, meli inabaki na pengo. Aliyesimama nyuma akisubiri zamu ataketi kwenye usukani bila kujua mnakwenda wapi. Kama unapenda sana, tenga usiku mmoja wa wiki, watu wale wale wanne, walipe kwa saa na kwa pamoja kabla ya kuanza. Siku nyingine waachie mpira, ndio unaolipa kodi.

Kiboriloni hapa, mtandao wetu ni wa kubahatisha. Kuna gemu ya maharamia yenye kikosi ambayo nacheza peke yangu?

Zipo. Black Flag ya mwaka 2013, katika mfululizo wa Assassin's Creed, hadithi yake inachezwa bila intaneti. Mabaharia unawapata kwa kuwaokoa walioshikwa na askari, kuwaajiri kwenye vilabu vya pombe, au kuwaokota wanaoelea baharini baada ya chombo kuvunjika. Usiwapite hao wa majini. Kila ukivamia meli watu wanakufa, na ukibaki na wachache uvamizi unakuwa mrefu na mgumu.

Lakini mchezo ninaoupenda zaidi kwa jambo hili ni wa zamani: Sid Meier's Pirates!, wa mwaka 1987, uliotengenezwa upya mwaka 2004. Kompyuta ya kawaida inautosha. Humo watu wako wana hesabu kichwani. Wanakufuata kutoka baa za bandarini kwa furaha, kisha kila mwezi unaopita bila mgawo nyuso zinabadilika. Ukiwa na dhahabu nyingi wanavumilia. Ukiwa na watu wengi kupita kiasi, fungu la kila mmoja linakonda na manung'uniko yanakuja mapema. Ukimteka mpishi mzuri kutoka meli ya adui, hasira inachelewa. Mwisho lazima ugawe: kwenye ngazi nyepesi nahodha anachukua asilimia 5, kwenye ngumu kabisa nusu. Baada ya hapo kila mtu anakwenda na chake, na wewe unaanza kutafuta watu upya. Wachezaji wengi wanachelewesha mgawo ili hazina ikue, mpaka watu wanatoroka. Gawa wakiwa bado wanacheka.

Kwenye Sea of Thieves hilo halipo, maana hazina ikiuzwa kila baharia hupata thamani yote, haigawanywi. Wanaogombana humo wanagombania kazi.

Kila Desemba kikosi chetu kinakufa. Huyu yuko Rombo, huyu Machame, huyu Marangu, mtandao wa shida. Januari wengine hawarudi. Tufanyeje?

Kwanza msishindane na Krismasi ya Uchagani, mtashindwa. Tangazeni wenyewe kwamba Desemba hakuna safari, ili asiyeonekana asihesabiwe mtoro. Anayejisikia mkosaji ndiye asiyerudi Januari. Watakaobaki mjini wawili wachukue sloop wajifurahishe bila kuwaonyesha wenzao hazina kwenye grupu kila usiku.

Pili, mnafanya kosa la kuwa wanne kamili. Meli ya watatu itafutieni watu sita. Tangu mwaka 2023 mnaweza kufungua chama ndani ya mchezo chenye wanachama hadi 24, na anayepata nafasi siku hiyo ndiye anayepanda. Umeme nao hautawaumiza sana: ukikatika kwa mmoja, meli inaendelea maadamu wengine wamo, naye akirudi mnamwalika tena.

Meli nyingine ikipandisha bendera ya ushirika, tukubali?

Kubalini kama mna mali kidogo. Wakiuza cha kwao nyinyi mnapata nusu ya thamani, nao vivyo hivyo kwa chenu, wala muuzaji hapunguziwi kitu. Ila hakuna kanuni inayowakataza kuwageuka. Mkiwa na sitaha iliyojaa, uzeni kwanza, ndipo mwende kuwasalimia.