Masega ya gari na paladiamu: aliyekutisha amekosea adui

Dada mleta uzi, pole na hofu. Umesema shemeji analeta masega ya magari (yale makopo ya kusafisha moshi kwenye ekzosi) nyumbani, anayapasua uani, watoto wanacheza palepale, yeye anakohoa wiki ya tatu sasa, na jirani amekwambia ndani yake kuna paladiamu, sumu inayomaliza figo, ukauliza kama apimwe damu kuitafuta. Mimi ni fundi ekzosi hapa Kizota, Dodoma, mwaka wa 11 huu. Masega nimepasua mpaka yakanifikisha kwa daktari, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi ukilifungua kwa grenda unakuta jiwe la kijivu lenye vitundu kama sega la nyuki. Jiwe ni kauri tu. Mali ni utando wa metali za thamani uliopakwa kwenye vile vitundu: platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache kwa gari zima. Ndizo zinazougeuza moshi wenye sumu kabla haujatoka nje. (Na nyie mnaokuja gereji kutuambia "toa sega, weka bomba tupu", huo moshi wanauvuta watu wa kituo cha daladala, mjue.)

Paladiamu ikiwa bado ni metali, mwili hauna habari nayo sana. Ukiimeza, karibu yote inapita inatoka. Sisemi watoto walambe sega. Nasema kwenye ule uani kuna vitu vya kuogopa kabla ya hiyo.

Cha kwanza ni vumbi lenyewe, na lile blanketi la nyuzi lililozungushiwa jiwe ndani ya kopo. Ukilichana, nyuzi zinapaa, zinachoma mikono kama umeguswa na upupu, na zikiingia kifuani hazitoki kirahisi. Upepo wa Dodoma mnaujua. Nilikuwa nafunga kitambaa puani, jioni nakunywa maziwa nusu lita "kusafisha kifua", kama wazee wa gereji walivyonifundisha. Daktari alicheka. Akaniuliza, maziwa yanakwenda wapi na vumbi liko wapi?

Kilichonipeleka kwake ni mikono. Mwaka juzi viganja na katikati ya vidole vilianza vipele vya maji, vinapasuka, vinatoa magamba, usiku najikuna mpaka damu. Nilimaliza kila mafuta ya duka la dawa. Bingwa wa ngozi akanibandika mgongoni plasta zenye vidoa vya vitu mbalimbali, nikakaa nazo siku mbili bila kulowesha mgongo (kwa mgao wetu wa maji hilo halikuwa tatizo). Zilipobanduliwa, na aliposoma tena baada ya siku mbili nyingine, mgongo wote ulikuwa safi isipokuwa sehemu mbili zilizovimba na kuwa nyekundu: nikeli na paladiamu.

Akanieleza kwamba hizo mbili zinakwenda pamoja. Karibu kila mwenye aleji ya paladiamu ana na ya nikeli, kwa sababu ngozi inazichanganya. Halafu akaniambia nipandishe shati. Chini ya kitovu nina doa jeusi linalowasha tangu niko shule, pale chuma cha mkanda kinapogusa. Nikeli ilinianza zamani, masega yakaja kumalizia. Kwa hiyo muulize shemeji kama saa ya chuma au mkanda unamwasha. Kama ndiyo, asiguse unga wa sega bila glavu. Hata pete ya dhahabu nyeupe, uliza kwanza, maana dhahabu hupaushwa kwa nikeli au paladiamu.

Sasa sikiliza hili kuliko yote. Kama shemeji ameanza kuangalia video za kutoa paladiamu kwa tindikali, mzuie leo. Nilikuwa na mwenzangu aliyejaribu kwenye ndoo, nyuma ya banda. Ulitoka moshi wa kahawia, akakohoa kidogo, akatoka, akasema freshi, akaenda kula chipsi. Saa nane usiku mkewe ananipigia, jamaa hawezi kulala chali, anatafuta pumzi. Mapafu yalikuwa yanajaa maji. Alilazwa kwenye oksijeni siku kadhaa. Ndivyo ule moshi ulivyo: unakuacha saa nyingi ukidhani umepona. Kitambaa puani hakizuii gesi. Na ile tindikali inazigeuza zile metali kuwa chumvi (si ya kupikia, ni metali iliyoungana na kemikali za tindikali), hapo ndipo ubaya wake unapoamka. Chumvi za paladiamu zinachoma ngozi na macho na kuleta aleji. Chumvi za platinamu ndizo zinazojulikana kuwapa pumu wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha madini hayo.

Swali lako la kupima damu kutafuta paladiamu, usipoteze hela. Niliuliza hilohilo nikaambiwa jibu lisingebadilisha matibabu yangu. Ila kama hapo uani anavunja na betri za magari, wapeleke watoto wapimwe madini ya risasi mwilini, ile metali ya kwenye betri. Hiyo inaharibu akili ya mtoto kimyakimya, na hakuna jirani aliyekutajia.

Mimi siku hizi nauza kopo zima bila kulipasua. Bei inashuka kidogo, mnunuzi atajua mwenyewe. Shemeji akishindwa, basi alowanishe jiwe kabla ya kuligonga, avae barakoa ya vumbi inayobana vizuri, asifagie bali afute kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zisiingie chumbani wala zisifuliwe pamoja na za watoto.

Na hicho kikohozi cha wiki tatu, kesho asubuhi aende kituo cha afya akapime makohozi ya TB. Awaambie pia kazi anayofanya, maana wasipoambiwa hawataiuliza.