Re: Sensa ya udongo inamaliza betri AA mbili haraka, tatizo liko wapi?

Ndugu wa Mbarara, umesema sensa yako inalala karibu muda wote lakini betri AA mbili haziishi hata miezi miwili. Mimi naona mwizi ni hako kamoduli ka MT3608 kanakopandisha volti za betri kwa ajili ya sensa, maana sensa ikilala, moduli yenyewe hailali, inaendelea kupandisha volti tu. Toa sensa, weka multimita kati ya betri na moduli usome, ukikuta miliampea 2 basi piga hesabu, betri ya 2500 mAh inaisha kwa siku 52 hivi na kazi hujafanya bado!! Halafu MT3608 inataka volti 2 kwenda juu, kwa hiyo kila betri ikifika volti 1 inakata na chaji kidogo imebaki ndani, hiyo inaniuma sana kwa mtu anayenunua betri kila mara.

Tafuta MCP1640, chipu nyingine ya kupandisha volti, inakula kama mikroampea 19 bila mzigo na inawaka hata kwa volti 0.65. Kama unaweza kuagiza nje TPS61099 ni bora zaidi, iko kwenye mikroampea 1 hivi.

Na usidhani kuzima pini ya enebo (enable, ya kuwasha na kuzima chipu) kunatosha kwa moduli za kawaida, umeme bado unapita kwenye koili na dayodi mpaka kwa sensa, angalia datashiti kama chipu inakata kabisa. Kapasita ya 100µF weka pale kwenye autiputi, ili redio ya sensa ikituma data volti isianguke.