Rais anaweza kuurudisha muswada wa elimu? Na barua ya kumwomba iandikweje?

Swali

Wakili mwanangu, salamu kutoka Mtama. Mimi ni mwalimu mstaafu, na hapa kwenye baraza letu la kahawa kuna ubishi umetushinda kuumaliza. Ulianzia kwenye habari za Afrika Kusini. Mwaka 2024 vyama na asasi vilimsihi Rais Ramaphosa asitie saini muswada wa marekebisho ya sheria za elimu ya msingi, ule waliouita BELA, naye akatia. Mmoja wetu anashikilia kwamba hata kwetu Bunge likishapitisha, Rais amefungwa mikono. Mwingine anasema Rais anaweza kuuchana na mambo yakaishia hapo. Je, siku ukipita muswada wa elimu wenye kasoro, sisi wa huku tunaweza kumwandikia Rais aukatae? Katiba inasemaje? Na barua tuiandikeje isiishie kapuni?

*Mwalimu mstaafu, Mtama, Lindi*

Jibu

Shikamoo Mwalimu. Wote wawili wamekosea, ila huyo wa kuuchana amekosea kidogo. Kahawa alipe mwenzake.

Anzeni na Ibara ya 62 ya Katiba, ambayo watu huipita haraka. Inasema Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Kwa hiyo muswada ukishapigiwa makofi Dodoma bado ni muswada, kwa sababu sehemu moja ya Bunge haijasema neno. Ibara ya 97 ndiyo inayoeleza neno hilo linavyosemwa. Rais aweza kuukubali muswada, au kukataa kuukubali. Akikataa, anaurudisha bungeni pamoja na maelezo ya sababu za kukataa. Hayo maelezo ya sababu yawekeni akilini, nitayarudia, maana barua yenu yote inaning'inia hapo.

Ukisharudishwa, hauwezi kupelekwa tena kwa Rais kabla ya miezi sita kwisha. Kuna njia moja tu ya kuikata miezi hiyo: muswada uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Angalieni neno "wote". Muswada wa kawaida hupita kwa wingi wa kura za waliomo ukumbini. Hapa wanahesabiwa na waliosafiri, wanaougua na walioko majimboni. Zikipatikana kura hizo na muswada ukarudi kwa Rais ndani ya miezi sita, ana siku 21 za kuukubali. Asipoukubali, inambidi alivunje Bunge, kila mtu arudi kwa wapiga kura. Mtaona basi kwamba Katiba imempa Rais uwezo wa kukataa, lakini mwisho wa ubishi ikaweka bei ambayo hakuna upande unaoilipa kwa furaha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa mara ya kwanza muswada unapofika mezani kwake, Ibara ya 97 haimwekei Rais idadi ya siku. Kenya wamemwekea rais wao siku 14. Mwezi Juni 2024 mlimwona Rais Ruto akiamua upesi kuurudisha Muswada wa Fedha baada ya maandamano. Kwetu muswada unaweza kukaa, au unaweza kusainiwa kabla barua yenu haijatoka Mtama. Muswada wa Huduma za Habari ulipita mwanzoni mwa Novemba 2016, wadau wa habari wakamsihi Rais asisaini, na kabla mwezi haujaisha ulikuwa sheria.

Sasa hao wa Afrika Kusini. Rais wao hana uhuru kama wa kwetu. Kifungu cha 79 cha Katiba yao kinamruhusu kurudisha muswada kwa sababu moja tu: awe na mashaka kwamba unakiuka Katiba. Kuuona mbaya, wa gharama au wa haraka hakutoshi. Ugomvi mkubwa kwenye BELA ulikuwa vifungu vya 4 na 5, vilivyopunguza madaraka ya bodi za shule kuamua nani aandikishwe na shule ifundishe kwa lugha gani. Ramaphosa alisaini Septemba 13, 2024, lakini akatoa miezi mitatu ya mazungumzo juu ya vifungu hivyo viwili kabla ya kuanza kutumika. Desemba sheria yote ikaanza kazi. Waliomsihi hawakupata walichotaka, ila walipata miezi mitatu mezani, na ubishi wao ulikuwa juu ya vifungu vinavyotajwa kwa namba. Hilo igeni.

Rais wetu hajafungwa kwenye sababu za kikatiba peke yake. Katiba inamtaka atoe sababu, haijamchagulia zipi. Kwa hiyo mnaweza kumwandikia kwamba kifungu fulani hakitekelezeki Liwale au Nanyumbu, na hiyo ni sababu halali kabisa.

Lakini Mwalimu, hapa ndipo penye mfupa. Muswada wa elimu kwa kawaida huletwa na Waziri, ukiwa umeshapita kwenye Baraza la Mawaziri, na mwenyekiti wa Baraza hilo ni Rais mwenyewe. Mnapomwomba aukatae, mnamwomba amkane mtoto aliyezaliwa sebuleni kwake. Barua inayosema "Serikali yako imeleta muswada wa kuwanyonya wazazi" imempa kazi ya kujitetea, na mtu anayejitetea hasikilizi. Mpeni mlango wa kutokea kwa heshima: labda kifungu kiliongezwa bungeni na hakikuwemo kwenye muswada wa awali, labda kuna jambo la mikoa ya kusini ambalo walioandika hawakuliona, labda kinagongana na Sera ya Elimu na Mafunzo ambayo Serikali yenyewe imeitoa. Ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Linganisheni muswada na sera mstari kwa mstari, kama mnavyosahihisha insha.

Niwape mfano wa kubuni. Tuseme muswada una kifungu cha 14(2): mzazi wa mwanafunzi asiyehudhuria shule siku kumi mfululizo atatozwa faini ya shilingi laki tano. Huku kwetu kila mtu anajua ni miezi gani madarasa yanapungua. Ni msimu wa korosho, mtoto yuko shambani anaokota na mama yake. Aya ya kwanza ambayo watu wengi wangeandika ni hii:

"Mheshimiwa Rais, sisi wananchi wanyonge tumesikitishwa sana na muswada huu kandamizi ambao haukutushirikisha na unarudisha nyuma maendeleo ya elimu katika mkoa wetu."

Hamna kitu hapo. Msaidizi wa Rais akiisoma hana anachoweza kukinakili. Sasa someni hii:

"Kifungu cha 14(2) kinamwadhibu mzazi kwa utoro wa mtoto bila kuuliza sababu. Sekondari ya kata yetu ni moja kwa vijiji vitano, na watoto wa kijiji cha mwisho hutembea kilomita kumi na moja kwenda tu. Masika korongo likijaa hawavuki. Faini ya laki tano inaweza kumaliza mauzo yote ya korosho ya kaya yenye shamba dogo, na mtoto atarudi shule akiwa hana sare wala daftari. Kifungu hakimpi mzazi nafasi ya kuitwa kwanza mbele ya kamati ya shule."

Hii inaweza kuhamishwa ilivyo mpaka kwenye maelezo ya sababu. Nilisema nitayarudia: kazi ya barua yenu ni kumwandikia Rais rasimu ya sababu zake. Kila sentensi iwe ile ambayo yeye anaweza kuisema mbele ya Bunge bila kuona haya. Kilomita zipimeni, msikadirie. Idadi ya watoto ichukueni kwenye daftari la mahudhurio, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, bila majina ya watoto.

Msimwombe arekebishe kifungu. Hana uwezo huo. Rais hashiki kalamu nyekundu. Anaweka tiki, au anarudisha daftari na maelezo pembeni. Maneno mbadala, mfano "bila sababu ya msingi", yapelekeni kwa Mbunge wenu na kwenye kamati ya Bunge inayoshughulikia elimu, maana wao ndio wenye daftari.

Kurasa mbili zinatosha. Miaka ya nyuma nilibeba barua ya wanakijiji fulani wa mkoa huu, kurasa tisa, mbili za kwanza zikiwa shukrani na pongezi tupu, sahihi za watu zikajaza nyingine tatu. Kwenye ofisi moja niliyoifikisha, karani aliifunua, akatafuta kwa kidole mahali penye ombi, hakupaona, akaniuliza mimi: "Wanataka nini hasa?" Na wakati huo sheria ilikuwa imeshasainiwa. Tangu siku hiyo namwambia kila mteja ombi likae kwenye mstari wa kwanza: tunaomba Mheshimiwa Rais aurudishe bungeni Muswada wa namba fulani wa mwaka fulani, kwa sababu ya vifungu hivi. Pongezi zikizidi sana, ziwekeni mwisho.

Kabla hamjamlaumu Rais, hakikisheni ubaya mnaouogopa umo ndani ya muswada kweli. Mambo mengi yanayoumiza shuleni hayako kwenye Sheria ya Elimu, Sura ya 353, bali kwenye kanuni za Waziri na nyaraka. Suala la wasichana wajawazito ni ushahidi tosha. Walipokuwa wakifukuzwa, watu walidhani Sheria hiyo ya Elimu, ya mwaka 1978, ndiyo inayosema hivyo. Wakuu wa shule walikuwa wakiegemea Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zenye maneno mapana kuhusu maadili. Na Novemba 2021 waliporuhusiwa kurudi masomoni, mlango ulifunguliwa kwa waraka, Sheria yenyewe haikuguswa. Kwa hiyo mkisoma muswada, pigieni mstari kila penye "Waziri anaweza kutunga kanuni". Ikiwa sumu itatoka hapo, Rais kuukataa muswada hakutawasaidia mwakani kanuni zitakapokuja. Semeni kwenye barua kwamba kifungu hicho kinaacha mambo mazito mno kwa kanuni. Kusoma sasa hakuna kisingizio, kwani tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria. Anzieni mwisho, kwenye "Madhumuni na Sababu", halafu mrudi mwanzo muone kama vifungu vinafanana na sababu zilizotajwa.

Kuhusu wakati, mimi sipendi kumdanganya mtu: barua kwa Rais ndiyo risasi ya mwisho na ndiyo dhaifu. Muswada wa kawaida huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali siku 21 au zaidi kabla ya kusomwa mara ya kwanza, kisha unakwenda kwenye kamati, ambako wadau huitwa kutoa maoni. Huko kifungu hubadilishwa kwa mstari mmoja na hakuna anayeaibika. Ukija kwa hati ya dharura, yaani Serikali ikitaka upitishwe haraka, siku hizo zinayeyuka, na hapo ndipo barua kwa Rais inapokuwa na maana zaidi, kwa kuwa mnaweza kusema kwa ukweli kwamba hamkupata nafasi kwingine. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Itajeni.

Akisaini, bado. Mwaka 2011 Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilipitishwa huku wapinzani wakitoka ukumbini. Rais Kikwete aliwaita Ikulu, akazungumza nao, akasaini hata hivyo, na Februari 2012 sheria hiyohiyo ikarudi bungeni kurekebishwa. Angalieni pia kifungu cha kuanza kutumika: kikisema sheria itaanza tarehe atakayoitangaza Waziri, mna muda wa kumfuata Waziri. Kisha kuna Mahakama Kuu, na masjala yake iko hapahapa Mtwara. Rebeca Gyumi alishinda 2016 kesi ya vifungu vya umri wa kuolewa kwenye Sheria ya Ndoa, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono 2019. Ila tangu marekebisho ya 2020, anayefungua kesi ya haki za msingi lazima aoneshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika, kwa hiyo mtafuteni mzazi aliyetozwa faini, msijitokeze baraza zima la kahawa.

Mwalimu aliyeko kazini asisaini barua hiyo kwa cheo chake. Apitie chama chake cha wafanyakazi. Nyinyi wastaafu na wazazi hamna kizuizi hicho. Na kama mna ndugu Zanzibar wanaotaka kuiga, waambieni elimu ya msingi na sekondari kule ina sheria yake, Baraza lake la Wawakilishi na Rais wake. Barua ya Dodoma haitawafaa.

Anwani ni Mheshimiwa Rais, Ikulu, Chamwino, Dodoma. Nakala kwa Spika, Waziri wa Elimu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Mbunge wenu. Nakala ya Mbunge msiipeleke kwa posta, mpelekeeni mkononi akija jimboni, na nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.